Kikwazo cha Msalaba: Kutoka Rumonge hadi Bwiza

Mwishoni mwa Machi 1995, Bwiza na Buyenzi, mitaa ya mwisho jijini Bujumbura ambamo Wahutu na Watutsi walikuwa bado wakiishi mlango kwa mlango, ilivamiwa. Watu wengi waliuawa, na maelfu wakakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Zaire. Vijana waliobeba silaha, kama walivyo Warundi wengi, walikuwa wametoka katika nyumba za Kikristo. Walikulia katika parokia ambamo kila Ijumaa Kuu waumini huupigia goti msalaba na kuubusu. Kwa kawaida huulizwa kwa nini watu wa nje ya Kanisa, wawe Waislamu, wasomi au watawala, wanaukataa ujumbe wa msalaba. Historia ya Burundi inatulazimisha kuuliza jambo gumu zaidi: kwa nini waliokwisha kuupokea waliukataa kwa ukali kuliko wote, na kama kweli walikuwa wameupokea.

Ninashikilia kwamba katika nchi hii viko vikwazo viwili ambavyo vimekuwa vikichanganywa kwa zaidi ya karne. Cha kwanza kilitokana na wabebaji wa msalaba: walikuja na nani, walishirikiana na dola gani, walimpa nani shule na walimnyima nani. Cha pili kinatokana na msalaba wenyewe, yaani na madai kwamba Mungu aliokoa ulimwengu kwa kushindwa mbele ya macho ya watu, na kwamba mbele ya mti ule muuaji na mhanga, mfalme na mtumwa, wote wanahitaji rehema ileile. Upinzani mwingi unaosimuliwa katika vitabu vya misheni ni wa aina ya kwanza. Wa aina ya pili ulichelewa kufika, na ulipofika uliibuka ndani ya Kanisa.

Adhabu ya watumwa

Anayetaka kuelewa kikwazo cha pili lazima kwanza ausahau msalaba wa dhahabu. Katika dola ya Roma kusulubiwa kulikuwa kifo cha mtumwa, mwasi na jambazi. Uasi wa Spartacus ulipozimwa mwaka 71 K.K., mateka wapatao 6,000 walitundikwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma, ili kila msafiri aone na ajifunze. Cicero, msemaji mkuu wa mahakama za zama hizo, alishikilia kwamba hata neno lenyewe lisiyafikie masikio ya raia wa Roma. Kwa Wayahudi palikuwa na uzito wa ziada, kwa kuwa Torati ilimhesabu aliyetundikwa mtini kuwa chini ya laana ya Mungu. Ndiyo maana Paulo, alipowaandikia Wakorintho miaka ishirini na mitano hivi baada ya Yesu kuuawa, hakuficha kwamba habari aliyoihubiri iliwakwaza Wayahudi na kuonekana upuuzi kwa Wayunani. Hoja yake ilikuwa kwamba Mungu alijionyesha kwa makusudi mahali ambapo hakuna mwenye hadhi angemtafuta, na kwa kufanya hivyo akamnyang'anya kila mtu sababu ya kujivuna: ukoo, elimu na nguvu.

Wasikilizaji walielewa vizuri sana. Kwenye kilima cha Palatino mjini Roma, mwaka 1857, kulipatikana mchoro wa kale uliokwaruzwa ukutani: mtu mwenye kichwa cha punda amesulubiwa, na chini yake kijana anamwinulia mkono, pamoja na maandishi ya Kigiriki yanayomdhihaki Alexamenos kwa kumwabudu mungu wake. Wakristo wenyewe waliona haya. Kwa karne kadhaa walichora mchungaji, samaki na nanga, lakini Yesu msalabani karibu hawakumchora. Mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina, uliochongwa Roma yapata mwaka 430, ni kati ya mifano ya mwanzo kabisa ya picha hiyo kuwekwa hadharani. Kabla ya hapo kulikuwa kumetokea badiliko ambalo matokeo yake yangefika hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 312 Konstantino alipigana vita akiwa na alama ya Kristo kwenye silaha za askari wake, akashinda. Tangu siku hiyo iliwezekana kuubeba msalaba mbele ya jeshi, na mtu aliyeuona ukija hakuwa na njia rahisi ya kujua kama anaitwa atubu au anaamriwa asalimu amri.

Rumonge, 1879–1881

Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa ukanda huu huwaita Mapadri Weupe, walianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Msafara wao ulifika Ujiji mapema 1879, na mwaka huohuo wakajenga kituo Rumonge, kwenye mwambao wa ziwa. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ikikausha vijiji vya pwani ya Tanganyika, na desturi ya mapadri ilikuwa kukomboa watoto sokoni na kuwalea misheni. Nia ilikuwa njema, lakini kwa jirani aliyetazama kutoka nje ilikuwa vigumu kuona tofauti kati ya mgeni anayenunua mtoto kwa ajili ya shamba na mgeni anayemnunua kwa ajili ya ubatizo. Mei 4, 1881, kufuatia mzozo juu ya mtoto aliyekuwa chini ya ulinzi wa misheni, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao d'Hoop waliuawa, na kituo kikaachwa.

Damu hiyo imesimuliwa mara nyingi kama mbegu ya Kanisa la Burundi, na sina sababu ya kuwavunjia heshima watu watatu waliokufa mbali na kwao. Hata hivyo ushahidi hauruhusu kusema waliuawa kwa sababu ya msalaba. Waliowachoma mikuki walikuwa bado hawajausikia ujumbe huo kiasi cha kuukubali au kuukataa. Walichokiona ni wageni wenye bunduki na bidhaa, waliokuwa na mamlaka juu ya mtoto ambaye wao waliamini ni wao. Hicho ni kikwazo cha wabebaji, na kukiita chuki dhidi ya Kristo ni kuwaonea wafu wa pande zote mbili.

Mwami, Kiranga na mkataba, 1897–1929

Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alikuwa amewazuia wavamizi wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa wa Ujiji, wasipande milimani. Wajerumani hawakuzuilika. Walijenga kambi ya Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na mara mapadri wakarudi kwa njia ya bara: Muyaga mwaka 1898, Mugera mwaka 1899, kisha Buhonga, juu ya Usumbura, mwaka 1902. Mwami aliwakwepa kadiri alivyoweza, hadi Juni 6, 1903 aliposhindwa na kutia saini mkataba wa Kiganda. Pamoja na kuitambua serikali ya Kijerumani na kulipa faini ya ng'ombe, alipaswa kuziacha misheni na misafara zisisumbuliwe. Hivyo basi, katika kumbukumbu ya ufalme, msalaba uliingia kama kifungu katika hati ya kushindwa. Mtu aliyeuchukia mwaka ule hakuhitaji kujua lolote kuhusu Golgotha.

Kama mapadri wangekaa na kusikiliza, wangegundua jambo la ajabu. Warundi walimjua Imana, muumba, na kati yake na watu alisimama Kiranga, aliyeheshimiwa katika ibada za kubandwa. Masimulizi ya eneo hili yanamweleza Kiranga, ambaye Rwanda humwita Ryangombe, kuwa mwindaji mkuu aliyeuawa na mnyama mwenye pembe, na mti wake, umurinzi wenye maua mekundu, ulipandwa nyumbani kwa heshima yake. Katika ibada zake watu wa matabaka mbalimbali walikutana. Kwa hiyo habari ya mpatanishi aliyekufa kifo cha kikatili, na ya mti unaohusishwa na kifo hicho, haikuwa ngeni masikioni mwa Mrundi, wala haikumkwaza kama ilivyomkwaza Myunani wa Korintho. Wamisionari walimtangaza Kiranga kuwa shetani na miti yake ikakatwa. Ninaamini hapo ndipo palipopotea nafasi kubwa kuliko zote. Badala ya kumwambia Mrundi kwamba aliyekuwa akimtafuta amekufa kwa ajili ya adui zake, jambo ambalo Kiranga hakulifanya na ambalo lingekuwa habari mpya kweli, walimtaka awakane wazee wake. Ukatili wa kukata miti ukawa ndio kikwazo, na swali la adui halikuulizwa.

Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916. Vikarieti ya Urundi ilipata askofu wake wa kwanza, Julien Gorju, mwaka 1922. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 sherehe ya umuganuro, ambamo mwami alifungua mwaka wa kilimo mbele ya ngoma takatifu Karyenda, ilikuwa imezimwa kama ibada ya kipagani.

Ubatizo wa umati, 1930–1959

Kilichofuata si upinzani. Ni mafuriko ya ubatizo. Serikali ya Kibelgiji ilipopanga upya utawala wa machifu, wenye asili ya Kitutsi na Kiganwa, yaani ya ukoo wa kifalme, walipendelewa hivi kwamba kufikia 1945 hapakuwa na chifu Mhutu hata mmoja, na shule ya Astrida, nchini Rwanda, iliyoendeshwa na watawa ilifundisha watoto wa wateule hao. Ubatizo, shule na cheo vilikwenda sambamba. Nchini Rwanda mambo yaliendeshwa kwa uwazi zaidi: Mwami Musinga, aliyekataa kubatizwa, aling'olewa mwaka 1931 na kufia uhamishoni, mwanawe Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Burundi haikuwa na tamasha kama hilo, lakini hesabu ilikuwa ileile. Msalaba ulikuwa umegeuka kuwa cheti cha kupita mlangoni, na hakuna anayekwazwa na cheti. Wahutu wakaona taasisi inayohubiri usawa wa watoto wa Mungu ikiwapanga watoto wa watu kwa daraja, na Watutsi wakaona daraja hilo likibarikiwa. Nionavyo, madhara makubwa ya miaka hiyo ni kwamba umati ulipokea alama bila kukutana na kile inachokidai.

Wapo waliokutana nacho, na wa kwanza kuwapinga walikuwa Wakristo wenzao. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Mganda Simeon Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walisali pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifanya kazi hadi alipofariki Januari 1936. Mwaka 1935 misheni ya Kianglikana ilivuka kuingia Burundi, ikajenga Buhiga na Matana, na uamsho ukaja nayo. Watu hawa waliitwa Balokole, waliookoka. Walihubiri kwamba anayesimama chini ya msalaba hana cha kuficha: mwizi arudishe alichoiba, mume aungame mbele ya mke, na mzungu aombe msamaha mbele ya Mwafrika kwa dharau yake. Katika jamii iliyothamini staha, ambamo mtu mzima hamwagi mambo yake barabarani na mushingantahe, mzee mwamuzi wa mashauri, hupima kila neno, hili lilikuwa jambo la kutisha. Katika jamii ya kikoloni lilikuwa baya zaidi, kwa sababu ngazi yote ya utawala ilisimama juu ya imani kwamba baadhi ya watu hawana la kuungama.

Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha kichungaji cha Mukono, Uganda, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa. Mtu anaweza kupinga kwamba walifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, maana walihubiri alfajiri kinyume cha amri ya chuo, na kwamba Balokole wengi walikuwa na kiburi cha kuwahukumu wenzao. Pingamizi hilo lina ukweli, na baadaye uamsho uligawanyika mara kadhaa kwa sababu hiyohiyo. Lakini halielezi kwa nini toba ya hadharani iliwaudhi maaskofu na machifu kuliko ulevi na rushwa vilivyowaudhi. Kiburi kilikuwepo pande zote. Kilichokuwa kigeni ni mkubwa kutakiwa apige goti penye udongo sawa na mdogo.

Jirani wa Buyenzi

Wakati milima ikibatizwa, chini ziwani mji wa Usumbura ulikua kwa njia nyingine. Askari wa Kijerumani, wachuuzi na wapagazi kutoka Ujiji, Tabora na Kongo waliweka msingi wa jamii iliyozungumza Kiswahili na kusali msikitini. Buyenzi ukawa mtaa wa Waswahili. Bwiza, uliojulikana kwanza kama Camp Belge, ukapokea Wakongo, makarani, mafundi na Warundi walioteremka kutafuta kazi. Hadi leo Bwiza ni mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya duka, ya baa na ya ugomvi. Serikali na misheni ziliwatazama Waswahili kwa shaka, na kwa kuwa shule zilikuwa mikononi mwa misheni, Mwislamu aliyelinda imani ya mwanawe mara nyingi alilipa kwa kumnyima darasa. Haikuwa bahati tu kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Usumbura Oktoba 13, 1961, alipata wafuasi hodari kati ya watu hawa.

Kuhusu msalaba, jibu la Buyenzi lilikuwa na bado ni la wazi. Qurani, katika sura ya An-Nisaa, inafundisha kwamba Isa mwana wa Mariamu hakuuawa wala kusulubiwa, na Waislamu wanaamini Mungu alimwinua kwake. Nchini Tanzania miaka ya 1980 hoja hii ilipelekwa viwanjani katika mihadhara, huku wahubiri wa pande zote wakirushiana aya na kanda za kaseti zikisambaa. Wakristo wengi huona msimamo huo kuwa upinzani mkuu dhidi ya msalaba. Mimi nauona kuwa upinzani wa heshima kuliko wote, kwa sababu umeelewa kinachosemwa. Mwislamu anapokana kwamba Mungu angemwacha mtume wake katika mikono ya wauaji, anaukiri msalaba kwa jina lake halisi, yaani fedheha, na anamtetea Isa dhidi yake. Aliyeuvaa shingoni miaka thelathini bila hata mara moja kuuona kama fedheha yuko mbali zaidi na Paulo kuliko jirani yake wa Buyenzi. Tofauti inabaki, na ni kubwa: Mkristo anasema Mungu alipita katikati ya fedheha, Mwislamu anasema Mungu aliizuia. Lakini hao wawili wanaweza kuzungumza, kwa kuwa wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Dola inapokasirika, 1972–1987

Aprili 29, 1972, waasi wa Kihutu walishambulia kusini, Rumonge ikiwemo, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Micombero ilijibu kwa kuwasaka Wahutu waliosoma, nchi nzima, kwa wiki kadhaa: walimu, makarani, wanafunzi, makatekista, mapadri. Makadirio mengi ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Warundi huyaita majira hayo ikiza, yaani pigo. Mmoja wa waliouawa Gitega mwezi Mei alikuwa padri Michel Kayoya, mwandishi aliyekuwa ametafakari kwa upole mkubwa namna urithi wa baba zake na imani yake mpya vingeweza kukaa nyumba moja. Sauti ya Kanisa kama taasisi ilikuwa hafifu. Lilikuwa na sababu zake, hofu ikiwa ya kwanza, lakini Kanisa lililokuwa limezoea kukaa karibu na kiti cha utawala halikujua lisimame wapi kiti kilipoanza kuua.

Chini ya Jean-Baptiste Bagaza, aliyetwaa madaraka mwaka 1976, mambo yaligeuka. Wamisionari walifukuzwa kwa wingi, misa za siku za kazi zikawekewa vizuizi, madarasa ya kusoma na kuandika ya Yaga Mukama yakafungwa, jumuiya ndogo za sahwanya zikapigwa marufuku, na mwaka 1986 seminari ndogo zikataifishwa. Anayetetea maelezo ya kisiasa atasema hapa hakuna kikwazo cha msalaba, kuna serikali inayoshindana na taasisi yenye shule na umati. Nakubali nusu. Bagaza hakuwa na ugomvi na mafundisho ya ukombozi. Lakini tuangalie ni nini kilichoudhi. Kanisa kubwa lenye minara halikupigwa marufuku. Kilichopigwa marufuku ni watu wachache wa mlima mmoja, Wahutu na Watutsi, kuketi pamoja jioni, kusoma Injili na kusuluhisha ya kwao bila mjumbe wa chama. Dola iliyosimama juu ya hofu kati ya watu ilitambua hatari mahali ambapo hofu hiyo ilikuwa inapungua. Mapinduzi ya Buyoya, yaliyomwondoa Bagaza Septemba 1987, yalirudisha uhuru wa ibada, na watu wakashangilia.

Kuhesabiwa, 1993–1997

Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mhutu. Oktoba 21 wanajeshi walimuua. Milimani Watutsi wakauawa na majirani zao, na jeshi likawaua Wahutu. Kibimba, mahali ambapo Wakweka wa Marekani walianzisha misheni yao mwaka 1934 wakihubiri amani na kukataa silaha, makumi ya wanafunzi na walimu Watutsi walichomwa moto kwenye kituo cha petroli. Siku tatu baadaye, Ruyigi, katika makao ya askofu, Marguerite Barankitse, Mtutsi, alijaribu kuwaficha Wahutu. Watu wa upande wake mwenyewe walimfunga kitini na kuua watu 72 mbele ya macho yake. Alinusurika pamoja na watoto, akawalea wa makabila yote, na kwa hilo akaonekana msaliti.

Bwiza ilivumilia mwaka mzima na zaidi. Katika mitaa mingine ya jiji, Kamenge na Kinama zilikuwa zimebaki za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga za Watutsi. Bwiza na Buyenzi zilibaki mchanganyiko. Machi 11, 1995 waziri Ernest Kabushemeye, Mhutu, alipigwa risasi katikati ya jiji. Siku chache baadaye Lucien Sakubu, Mtutsi aliyewahi kuwa meya wa Bujumbura, alitekwa na kuuawa. Kisha wanamgambo waliojiita Sans Échec, jeshi likiwa pamoja nao, wakaingia mitaani. Inafaa kuuliza ni nini kiliwakera juu ya mitaa hiyo miwili. Haikuwa ngome ya waasi kama Kamenge. Kosa lake lilikuwa kwamba watu walishindwa kujigawa. Waislamu wa Buyenzi, wasioamini habari ya Golgotha, walikuwa wameishi kwa miaka bila kuulizana kabila katika safu za sala, huku sehemu kubwa ya waliobatizwa wakijihesabu kila asubuhi. Ukweli huu unamuumiza Mkristo, lakini unathibitisha kwamba mstari wa upinzani haupiti kati ya dini na dini. Msalaba unadai kwamba Mungu aliyenifia mimi ndiye yuleyule aliyemfia adui yangu. Anayetaka kuendelea kuhesabu hana budi kuunyamazisha, na njia nyepesi ya kuunyamazisha ni kuuvaa.

Miaka miwili baadaye madai hayo yaliwafikia vijana. Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Waliuawa 40 kwa risasi na mabomu ya mkono. Mkuu wao, padri Zacharie Bukuru, ameeleza jinsi seminari ilivyokuwa imefanya kazi kwa muda mrefu ili wavulana wale waweze kuzungumza wazi juu ya kabila zao, na kwamba walikuwa wametoka katika mafungo ya Pasaka siku chache tu kabla. Hawakufa kwa sababu walikiri fundisho fulani mbele ya mahakama ya wapagani. Wauaji pia yumkini walibatizwa. Walikufa kwa sababu walikataa kujigawa, na hapa, kwa mara ya kwanza tangu historia hii ianze Rumonge, mtu anaweza kusema bila kutia chumvi kwamba kilichokataliwa ni msalaba wenyewe.

Faili moja

Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000. Tangu hapo neno msamaha limetumika sana nchini, na hapo ndipo lilipo pingamizi zito kuliko yote: kwamba mahubiri ya msalaba huwafaa wenye nguvu, humwambia mjane anyamaze na humpa muuaji njia fupi ya kurudi ofisini. Anayesema hivyo ana mifano ya kutosha. Pale msamaha unapotangazwa na asiyedhulumiwa, kwa niaba ya asiyeulizwa, watu wana haki ya kuupinga. Lakini huo si msalaba wa Injili, ambao ni uhalifu uliofanywa hadharani, wenye jina la hakimu aliyeutolea hukumu, jina linalotajwa katika imani kila Jumapili hadi leo. Vijana wa Buta hawakunyamaza wala hawakukubaliana na wauaji wao. Walikataa amri yao. Rehema isiyotaja kosa haina pa kushika, kama vile kutaja makosa ya upande mmoja tu kusivyoweza kuitwa ukweli. Desemba 2021 Bunge liliyatangaza mauaji ya 1972 kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu, nalo ni tamko ambalo familia nyingi zililisubiri kwa nusu karne. Wale waliouawa na waasi mwishoni mwa Aprili 1972, na Watutsi wa milimani mwaka 1993, nao wana wajane.

Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri watu waliouawa katika nyakati tofauti. Yumo Michel Kayoya. Wamo wamisionari wa Kiitaliano Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na Catina Gubert, waliouawa Buyengero Septemba 30, 1995. Wamo vijana 40 wa Buta. Kayoya aliuawa na dola iliyodai kuwalinda Watutsi. Vijana wa Buta waliuawa na waasi waliodai kuwapigania Wahutu. Wamewekwa katika faili moja, na muumini wa Bwiza au wa Bururi anayetaka kumwomba mmoja wao tu, yule aliyeuawa na maadui wa upande wake, atawakuta wote.